Sachsenhausen: kambi iliyochorwa kwa rula, na mwalimu wa Kiswahili aliyefia humo

Tarehe 24 Novemba 1944, katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen kaskazini mwa Berlin, alifariki mfungwa mmoja mzaliwa wa Dar es Salaam. Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alikuwa na miaka 40. Alikaa kambini miaka mitatu bila kufikishwa mbele ya hakimu hata siku moja.

Mtu akisikia hivyo huuliza kwanza: alifanya kosa gani? Kambi za Wanazi zilianzishwa ili swali hilo lisipate pa kuulizwa, na kwa sababu hiyo kisa cha Husen kinaonyesha zilikuwa za nini kuliko jedwali la idadi ya waliokufa. Tuanze na yeye, kisha tuiangalie kambi yenyewe: nani aliijenga, kwa mpango gani, ilitumikaje, na wapi mipango yao iliwaharibikia.

Askari mtoto wa Mahiwa

Husen alizaliwa Februari 1904. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Vita vya Kwanza vilipoanza mtoto alikuwa na miaka kumi tu, naye akaingizwa jeshini pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akatekwa na Waingereza. Vita vilipokwisha akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin na hoja ambayo mstaafu yeyote wa Tanzania ataielewa mara moja: alikuwa anadai malimbikizo ya mishahara, yake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba muda wa kudai umepita.

Akabaki. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, na akafundisha Kiswahili kama msaidizi wa lugha katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, mahali ambapo maofisa waliotumaini kurudi makoloni walijifunza kusema na watu wa huko. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwishoni mwa Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajawa Kansela. Aliigiza pia nafasi ndogondogo katika filamu zisizopungua ishirini, mara nyingi akiwa askari au mtumishi, na alionekana kwenye mikutano ya wale waliodai Ujerumani irudishiwe makoloni yake. Serikali ya Wanazi, kwa maneno mengine, ilimtumia. Ilipenda kumwonyesha kama "askari mwaminifu", lakini alipoomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele alikataliwa, na vita vilipoanza tena mwaka 1939 akaomba kujiunga na jeshi, akakataliwa vilevile.

Mwaka 1941 alikuwa akiigiza katika filamu iliyomtukuza Carl Peters, yule yule aliyezunguka Usagara na Uzigua mwaka 1884 akiwasainisha watemi mikataba. Wakati huo alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani. Habari zikafika kwa Gestapo, polisi wa siri. Tuhuma: "kuchafua mbari".

Kuzuiwa bila shauri

Sheria ya Nuremberg ya Septemba 1935 ilikataza ndoa na mahusiano kati ya Wayahudi na watu "wenye damu ya Kijerumani". Mnamo Novemba mwaka huohuo, Waziri wa Mambo ya Ndani Wilhelm Frick alitoa waraka ulioongeza Waafrika na Waroma (wanaoitwa pia Wajipsi) katika makatazo ya ndoa. Ila kifungu cha adhabu kwa mahusiano nje ya ndoa kiliwataja Wayahudi peke yao. Kwa hiyo mwendesha mashtaka aliyetaka kumfunga Mwafrika kwa tuhuma hiyo asingekuwa na kifungu cha kushika.

Gestapo hawakuhitaji kifungu. Walikuwa na "zuio la ulinzi", lililotokana na amri ya dharura ya tarehe 28 Februari 1933, siku moja baada ya jengo la bunge kuungua. Amri hiyo ilisimamisha haki za msingi za katiba, pamoja na haki ya kutokamatwa ovyo. Utaratibu ulikuwa mfupi: ofisi ya Gestapo inajaza fomu, mtu anachukuliwa, muda wa kukaa haujaandikwa. Mwaka 1936 sheria ya Prussia ikazizuia mahakama kuchunguza maamuzi ya Gestapo, hata anayetaka kukata rufaa akakosa pa kuipeleka. Mtu aliyemaliza kifungo halali gerezani naye aliweza kukutwa langoni na gari la Gestapo na kupelekwa kambini kwa zuio jipya.

Ndiyo maana ni kosa kuita kambi ya mateso "gereza kali". Gereza lina hukumu, na hukumu ina tarehe ya mwisho, lakini mfungwa wa kambi hakuwa na vyote viwili. Wafungwa waliosimulia baadaye walitaja kutojua siku ya kutoka kuwa sehemu ya mateso yenyewe.

Pembetatu

Mji wa Oranienburg, kama kilomita 35 kutoka Berlin, ulikuwa na kambi tangu Machi 1933. Ile ya kwanza iliwekwa katika kiwanda cha bia kilichoachwa, katikati ya mji, ikiendeshwa na SA, wanamgambo wa chama. Wakazi waliiona kila siku. Mshairi Erich Mühsam aliuawa humo Julai 1934, baada tu ya SS, kikosi cha chama kilichoongozwa na Heinrich Himmler, kuishika kambi hiyo, kisha kambi ikafungwa.

Sachsenhausen ni jambo jingine. Julai 1936, wiki chache kabla ya mashindano ya Olimpiki kufunguliwa Berlin, wafungwa waliohamishwa kutoka kambi za Emsland walianza kukata msitu wa misonobari pembezoni mwa mji. Mbunifu alikuwa ofisa wa SS, Bernhard Kuiper. Kambi nyingi zilizotangulia ziliwekwa ndani ya majengo yaliyokuwepo, ila hii ilichorwa kutoka karatasi tupu.

Umbo lake ni pembetatu. Katikati ya kitako kuna jengo la lango, Mnara A, wenye bunduki ya rashasha juu. Mbele yake kuna uwanja wa nusu duara wa kuhesabia wafungwa, na mabanda yamepangwa kuuzunguka kwa safu nne, mfano wa feni ya mkono iliyofunguliwa, kila moja likielekeza kichwa chake langoni. Mlinzi mmoja akisimama mnarani anaona vichochoro vyote vya kati ya mabanda bila kugeuza shingo sana. Kuta zilikuwa na kimo cha meta 2.7, ndani yake uzio wa umeme, na mbele ya uzio ukanda wa changarawe: aliyeukanyaga alipigwa risasi bila onyo, na wapo walinzi waliorusha kofia ya mfungwa humo kisha wakamwamuru aifuate. Kwenye vichwa vya mabanda ya safu ya kwanza yaliandikwa maneno ya Himmler kwa herufi kubwa, neno moja moja kwa kila banda: njia ya uhuru ipo, na alama zake ni utii, bidii, uaminifu, utaratibu, usafi... Kila asubuhi mfungwa alisimama uwanjani akiyatazama.

Himmler alijivunia sana kazi hiyo. Mwanzoni mwa 1937 alimwandikia Waziri wa Sheria kwamba hii ni kambi ya kisasa inayoweza kupanuliwa wakati wowote. Na hapo ndipo mchoro ulipowashinda. Pembetatu haina pa kuongezea: ukisogeza ukuta mmoja unaharibu pembe, na banda lolote utakalolijenga nje ya feni linatoka kwenye macho ya Mnara A. Mwaka 1938 zilikuja kamata-kamata kubwa, kwanza ya watu walioitwa "wavivu wa kazi" mwezi Juni, halafu Wayahudi zaidi ya 6,000 baada ya mashambulizi ya usiku wa tarehe 9 Novemba. Ikabidi kujenga "kambi ndogo" nje ya pembetatu, na Wayahudi wakawekwa huko katika mabanda 37, 38 na 39. Baadaye mabanda yakachomekwa popote palipokuwa na nafasi. Banda lililokusudiwa watu wapatao 150 likaja kubanwa watu 400. Kambi za baadaye zilijengwa kwa mistari ya mstatili tu. Pembetatu haikurudiwa.

Kilichorudiwa ni utaratibu wa ndani. Kila mfungwa alivaa namba na pembetatu ya kitambaa: nyekundu kwa wa kisiasa, kijani kwa walioitwa wahalifu, nyeusi kwa "wasiofaa katika jamii", zambarau kwa Mashahidi wa Yehova, waridi kwa mashoga, Wayahudi waliongezewa ya njano. Na kila banda, kila kikosi cha kazi, kilikuwa na mnyapara aliyeteuliwa miongoni mwa wafungwa. Mnyapara alipata kitanda chake na chakula zaidi kidogo, na akalindwa na kazi ya kuua mwili, kwa sharti kwamba kikosi kitoe kazi. Akishindwa, anarudishwa kulala na walewale aliowapiga jana. Kwa njia hiyo SS waliendesha maelfu ya watu kwa walinzi wachache ndani ya uzio. Wapo wanyapara waliookoa watu kwa kubadili majina kwenye orodha, na wapo waliokuwa wabaya kuliko walinzi.

Ofisi ya jirani

Mwaka 1938 Ukaguzi wa Kambi za Mateso, ofisi ya SS iliyosimamia kambi zote, ulihamishiwa Oranienburg, katika jengo la umbo la T linalopakana na Sachsenhausen. Mkuu wake alikuwa Theodor Eicke, na baada yake Richard Glücks. Maofisa wapatao mia moja walikaa humo wakiandika nani apewe adhabu gani, mgao wa chakula ni gramu ngapi, wafungwa wangapi wahamishwe kwenda wapi. Machi 1942 ofisi hiyo iliingizwa chini ya idara ya uchumi ya SS ya Oswald Pohl, na nia ya mabadiliko inaonekana kwenye jina lenyewe la idara: mfungwa sasa alikuwa hesabu ya uzalishaji.

Watu huipita sehemu hii haraka kwa sababu ni makaratasi, nami naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Sachsenhausen ilikuwa shule. Rudolf Höss alifika hapo 1938, akapanda vyeo, na Mei 1940 akatumwa kwenda kuanzisha Auschwitz. Alikuwa amekwisha onyesha alichojifunza: tarehe 18 Januari 1940, katika baridi kali chini ya sufuri, aliamuru wafungwa zaidi ya 800 wasiokuwa na kikosi cha kazi wasimame uwanjani siku nzima. Waliokufa siku ile na usiku uliofuata walipita mia.

Matofali na viatu

Kazi ya kulazimishwa ilianza kama adhabu ikageuka biashara. Aprili 1938 SS waliunda kampuni ya udongo na mawe, wakaahidi kumpatia Albert Speer, mbunifu majengo wa Hitler, matofali ya kuijenga Berlin upya. Kiwanda, Klinkerwerk, kilijengwa kando ya mfereji, kama kilomita mbili kutoka kambini, na kilipangwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Wafungwa hadi 2,000 walitembezwa kwenda na kurudi kila siku.

Kikashindwa, na sababu ni ya kiufundi kabisa. SS walinunua mitambo ya kisasa ya kushindilia udongo ukiwa mkavu bila kupima kama udongo wa eneo lile unaukubali utaratibu huo. Haukuukubali. Matofali ya kwanza yalimeguka, na sehemu ya tanuri zilizokuwa zimekwisha jengwa ikabidi zibomolewe zijengwe nyingine. Waliobomoa na kujenga upya, kwa mbio na kwa vipigo, ni wafungwa, na kikosi hicho kikawa ndicho kilichoogopwa kuliko vyote. Majira ya joto ya 1942 SS walikitumia kuua kwa makusudi mashoga wapatao 200. Baadaye kiwanda kikageuzwa kutengeneza maguruneti. Ndege za Washirika zilikilipua tarehe 10 Aprili 1945 na wafungwa wengi wakafia humo.

Kuzunguka uwanja wa kuhesabiwa, kuanzia 1940, kulikuwa na njia ya kujaribia viatu. Ujerumani ilipungukiwa na ngozi, hivyo wizara ya uchumi na viwanda vya viatu vilitaka kujua soli za mpira wa kutengeneza na plastiki zinadumu kilomita ngapi. Njia iligawanywa vipande: zege, mchanga, changarawe, kokoto, udongo tifutifu, mawe. Wafungwa wa kikosi cha adhabu waliizunguka tangu asubuhi hadi jioni, hadi kilomita 40 kwa siku, baadhi wakiwa na mizigo mgongoni, wengine wamevalishwa saizi inayobana. Soli zilikaguliwa na uchakavu ukaandikwa kwa uangalifu. Aliyeanguka aliondolewa njiani, na viatu vikavalishwa mwingine. Mwaka 1944 jeshi la majini lilitumia njia hiyohiyo kujaribu vidonge vyenye kokeini na dawa nyingine za kuchangamsha, kuona binadamu anaweza kutembea muda gani bila kulala.

Kwa ukubwa wa kikosi, hata hivyo, vyote hivyo vilipitwa na kiwanda cha ndege cha Heinkel: wafungwa maelfu kadhaa walitengeneza huko vipuri vya ndege za mabomu. Kufikia miaka ya mwisho Sachsenhausen ilikuwa na kambi tanzu takriban mia moja. Karakana ya kughushi noti za pauni katika mabanda 18 na 19, ambamo Wayahudi wapatao 140 walichapa mamilioni, ndiyo inayosimuliwa sana. Kwa maisha ya mfungwa wa kawaida haikuwa na uzito wowote.

Msimu wa 1941

Husen aliingia kambini vuli ya 1941, na wakati huohuo Sachsenhausen ilikuwa ikifanya mauaji yake makubwa kuliko yote. Kuanzia Septemba hadi Novemba, wafungwa wa kivita wa Kisovieti wasiopungua 10,000 waliletwa kwa treni na kuuawa katika ghala lililogeuzwa "zahanati". Mtu aliingizwa chumba cha kwanza akavua nguo. Cha pili, SS aliyevaa koti jeupe akamwangalia kinywani, na mwenye jino la dhahabu akawekwa alama. Cha tatu, akaambiwa asimame wima chini ya kipimo cha kimo kilichopigiliwa ukutani. Kipimo kilikuwa na ufa, na nyuma ya ufa kulikuwa na mtu mwenye bunduki akilenga shingo. Gramafoni ilipiga muziki kwa sauti ya juu ili wanaosubiri wasisikie. Miili ilichomwa katika tanuri za kuhamishika. Wauaji walizawadiwa safari ya mapumziko Italia.

Mwaka 1942 lilijengwa jengo la kudumu la mauaji na kuchoma maiti, ambalo SS kwa kejeli yao waliliita Kituo Z: unaingia Mnara A, unatokea Z. Chumba cha gesi kiliongezwa 1943.

Hapa pana tofauti isiyopaswa kuchanganywa. Treblinka, Sobibór na Bełżec zilikuwa vituo vya maangamizi: karibu kila aliyeshuka kwenye treni aliuawa ndani ya saa chache, wala hapakuwa na mabanda ya kutosha kwa sababu hawakukusudiwa kulala. Sachsenhausen ilikusudiwa kuweka watu, kuwavunja na kuwatumikisha. Zaidi ya watu 200,000 walipita humo kati ya 1936 na 1945, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, maradhi, kazi na kupigwa. Husen ni mmoja wao. Mwaka 2007 bamba dogo la shaba lenye jina lake liliwekwa kwenye njia ya miguu Brunnenstraße 193, Berlin.

Baada ya lango kufunguliwa

Alfajiri ya tarehe 21 Aprili 1945, Jeshi Jekundu likiwa karibu, SS waliwatoa wafungwa zaidi ya 30,000 na kuwatembeza kuelekea kaskazini-magharibi kwa makundi ya watu 500. Aliyeshindwa kutembea alipigwa risasi kando ya barabara. Katika msitu wa Below zaidi ya 16,000 walikaa siku kadhaa hadharani wakila mizizi na magome ya miti, hadi vifurushi vya Msalaba Mwekundu vilipowafikia. Kambini walibaki wagonjwa wapatao 3,000, waliokutwa na wanajeshi wa Kisovieti na Kipolandi tarehe 22 na 23.

Kuanzia Agosti mwaka huohuo Wasovieti waliyatumia mabanda yaleyale kuwa kambi yao maalumu, hadi Machi 1950. Waliofungwa ni kama 60,000: maofisa wadogo wa chama cha Nazi, lakini pia vijana na wapinzani wa utawala mpya. Kama 12,000 walikufa kwa njaa na maradhi. Ujerumani Mashariki ilifungua makumbusho hapo 1961 bila kulizungumza hilo; makaburi ya halaiki yalianza kutafutwa rasmi baada ya 1990.

Kamanda wa mwisho, Anton Kaindl, alishtakiwa Berlin Oktoba 1947 pamoja na wenzake 15. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umesimamisha adhabu ya kifo miezi michache kabla, kwa hiyo 14 walipewa kifungo cha maisha cha kazi ngumu na wawili miaka 15. Kaindl alifia Vorkuta, kambi ya kazi ngumu ya Kisovieti, mwaka uliofuata. Walinzi wawili, Gustav Sorge na Wilhelm Schubert, walirudishwa Ujerumani Magharibi 1956, wakashtakiwa tena Bonn na kufungwa maisha mwaka 1959. Sehemu kubwa ya jengo la umbo la T siku hizi ni ofisi ya kodi ya Oranienburg.

SS waliteketeza karibu kumbukumbu zote za kambi kabla ya kukimbia, kwa hiyo anayemtafuta ndugu, awe askari wa zamani au baharia wa pwani yetu aliyepotelea Ujerumani miaka ile, asianzie kwenye faili la kambi. Aanzie Arolsen Archives mjini Bad Arolsen, ambako hati zilizosalia kutoka kambi mbalimbali zinatafutika bure mtandaoni, na ajaribu kila namna ambayo karani wa Kijerumani angeweza kuandika jina la Kiislamu: Husen, Hussein, Hussen, na jina la baba likiwa limewekwa mahali pa jina la ukoo.